Maji ya Grini ya Saba

Jumatatu, 5 Novemba 1951

Leo Bwana Krofti amenikabidhi daftari hili pamoja na kipimo cha mvua cha shaba. Kila siku saa moja asubuhi nisome kipimo, niandike. Kurasa za mbele ni za mvua. Za nyuma hakusema ni za nini, basi nazichukua mimi. Kiswahili chake ni cha kuagiza chai na kukemea, hawezi kuzisoma. Hata hivyo daftari litakaa sandukuni, chini ya mashuka.

Mimi ni Eustace, nyapara wa uwanja wa gofu wa klabu ya Wazungu hapa Nachingwea. Kwetu ni upande wa Masasi, nilisoma kwa mapadre hadi darasa la sita, na Kiingereza changu kinatosha kupokea amri. Nina vibarua kumi na wawili. Mashimo yetu ni tisa. Pale penye shimo na bendera, mahali anapomalizia mchezaji, panaitwa grini, na kwa Wazungu jina hilo maana yake ni rangi ya majani. Zetu hazina jani hata moja. Ni miviringo ya mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta, bapa kama chapati. Mchezaji akiondoka, kibarua anapitisha ubao kufuta nyayo. Miaka mitatu tumefanya hivyo, na sijasikia mtu akiusifu uwanja wala akiulaani.

Bwana Krofti amekuja mwezi uliopita kusimamia barabara. Anasema kwao kazi yake ilikuwa kutengeneza viwanja vya gofu. Sasa klabu imemruhusu avunje grini zote tisa, azijenge upya kwa ukoka, zenye migongo na mabonde, ziwe tayari kwa mechi ya Pasaka na timu ya Lindi. Nilimwuliza kosa la hizi ni nini.

Akasema, "Uwanja huu haumwulizi mtu swali lolote."

Sikumwelewa. Ila mtu anayevunja kitu kizima, huwa ana jambo lake.

Alhamisi, 8 Novemba

Siku nzima kupigilia vigingi na kuvuta kamba. Grini ya saba iko ukingoni, juu ya bonde. Bwana Krofti alisimama pale muda mrefu akitazama chini, kisha akaniuliza mashamba yale ni ya nani. Nikamwambia ni ya wanawake, wanalima mpunga. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mke wangu Domitila, mama wa binti yetu Kornelia, ana shamba pale pale. Sikumwambia. Nilivyoona mimi, anahesabu eneo la kuongeza mashimo.

Jumatatu, 12 Novemba

Tumevunja ya kwanza. Mchanga wenye oili umetupwa barabarani. Tunachimba mpaka magotini, tunaweka kokoto, mchanga safi, kisha udongo wenye samadi. Vibarua wananong'ona kwamba mashimo makubwa namna hii hayachimbwi kwa ajili ya mchezo. Adinani amesema Mzungu anatafuta madini. Nimemkemea, lakini na mimi natazama kila kinachotoka chini.

Jumanne, 20 Novemba

Tumefika ya saba. Hii ndiyo anayoipenda kuliko zote. Upande wa kilima ameinua mgongo mrefu, na grini yenyewe ameilaza kidogo kuelekea kulia, upande wa bonde. Maji yote ya mteremko yatakusanywa chini ya kokoto, yaingie kwenye bomba moja la saruji, yatokee ukingoni.

Shaibu aliacha kuchimba, akashika kiuno. Huyu ni mtu mzima kuliko sisi sote, mwenyeji wa Nambambo, na kabla ya katapila kuja, shamba lake lilikuwa hapa hapa tulipo. Husema Kiswahili polepole, kwa sababu Kimwera ndicho kinachomtangulia mdomoni.

"Maji ya hapa yana njia yake," aliniambia. "Yalikuwa yanakwenda kushoto, kwenye kidimbwi walichokifukia. Huyu anayapeleka kulia."

"Mwambie mwenyewe, Mzee Shaibu."

"Wewe ndiye unayejua kusema naye, Nyapara."

Sikumwambia Bwana Krofti. Niliona Shaibu anataka kutukumbusha kwamba pale palikuwa pake. Tangu hapo nimeanza kumwangalia. Kila siku hutembea peke yake ukingoni kabla ya wenzake kufika.

Jumatatu, 3 Desemba

Mvua ya kwanza, robo inchi. Tumepanda ukoka, vipandikizi vidogo vidogo, wanaume kumi na watatu tumepiga magoti mstari mmoja kama tunasali.

Jumanne, 11 Desemba

Maulidi. Waislamu wote ruhusa. Nimemwagilia na Wakristo wawili.

Ijumaa, 21 Desemba

Mvua inchi moja. Ukoka umeshika. Domitila na wenzake wamemaliza kupanda mpunga.

Jumatano, 9 Januari 1952

Inchi moja na robo. Leo tumekata nyasi za grini ya kwanza kwa mashine, tukapitisha pipa lililojazwa mchanga kuishindilia. Bwana Krofti akanipa fimbo na mpira, akaniambia niusukume shimoni. Hatua sita tu. Nikausukuma sawasawa, nao ukaenda sawasawa, kisha ukapinda wenyewe, ukapita mbali na shimo. Nikarudia. Ukapinda tena. Mara ya nne nikaanza kutazama ardhi kabla ya mpira, na mara ya saba ukaingia. Vibarua walicheka kwa furaha, na mimi nilicheka. Kwenye mchanga wa oili ningeuingiza mara ya kwanza na kusahau.

Bwana Krofti alisema, "Sasa unaona swali?"

Niliona. Lakini shaka yangu haijakwisha: jana tena alikuwa amesimama ukingoni mwa ya saba na darubini yake, akitazama mashamba.

Alhamisi, 17 Januari

Inchi mbili. Mama Kornelia analalamika kuhusu maji shambani. Nimemwambia mvua haina nyapara.

Jumanne, 22 Januari

Inchi mbili na nusu. Grini ya saba imekuwa bwawa. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na bendera imelala. Tulitafuta sababu mpaka Shaibu akateremka ukingoni na kutuita. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa gunia lililoshindiliwa udongo wa mfinyanzi. Si takataka iliyosombwa na mvua. Ni kazi ya mkono.

Bwana Krofti alikuja na viatu vyake virefu, akalitazama gunia. Kisha akaniambia, "Tafuta ni nani."

Najiuliza jambo moja tu. Kwa nini Shaibu alijua pa kutazama?

Jumatatu, 28 Januari

Inchi moja na robo tatu. Limezibwa tena. Ukoka wa upande wa chini umeanza kuwa wa njano. Nimewapanga vibarua mstarini, nimewauliza mmoja mmoja. Wote hawajui. Shaibu alisema hajui akiwa ametazama miguu yangu.

Alhamisi, 7 Februari

Bendera ya klabu iko nusu mlingoti. Mfalme wao amefariki. Hakuna aliyecheza. Mvua robo inchi.

Jumamosi, 9 Februari

Limezibwa mara ya tatu. Ukingo wa grini umemeguka upande mmoja, kipande cha ukubwa wa mlango. Bwana Krofti ameniambia kwamba klabu inauliza kama nyapara anatosha kwa kazi yake. Amesema kwa upole, na upole wake umenitia hofu kuliko ukali.

Jumanne, 12 Februari

Adinani amenifuata jikoni kwangu, hakutaka kukaa. Amesema jana alfajiri alipita ukingoni akamwona Shaibu amechuchumaa kwenye mdomo wa bomba, mikono yote miwili imo ndani mpaka kwenye viwiko.

"Una hakika ni yeye?"

"Nyapara, mimi namfahamu Mzee Shaibu kwa mgongo wake tu. Nilitamani asiwe yeye."

Domitila alikuwa anapepeta unga uani. Sijui kama alitusikia. Mambo ya kazi siyaingizi ndani ya nyumba.

Jumatano, 13 Februari

Naandika yote, kwa sababu huenda siku moja nikaulizwa.

Asubuhi, kabla ya kugawa kazi, nilimwita Shaibu pembeni, kwenye banda la mashine. Alikuja na jembe lake begani. Kwenye jembe palikuwa na mfinyanzi mkavu. Mfinyanzi haupo popote uwanjani isipokuwa ukingoni.

"Mzee Shaibu, juzi alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama maji."

"Unatazama maji kwa mikono?"

Akalishusha jembe kutoka begani.

"Mtu amekuona. Mikono yako ilikuwa ndani ya bomba."

"Ilikuwa ndani," alisema.

"Uliziba?"

"Sikuziba."

"Nani aliziba?"

Hapo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku aliponiambia habari ya maji. Alinitazama kama mtu anayemkadiria ng'ombe mgonjwa, kama atavuka mto au hatavuka. Kisha akasema, "Nyapara, mimi sitasema neno juu ya hilo. Ukitaka kuamini ninachosema, nimesema sikuziba. Usipotaka, fanya kazi yako."

Nilimwambia kwamba najua ana uchungu na ardhi hii. Nikamwambia kwamba wote tunajua shamba lake lilikuwa hapa, lakini kuharibu kazi ya wenzake kumi na mmoja hakutamrudishia hata mche mmoja wa mhogo. Nilisema kwa sauti, makusudi, wengine wasikie. Walisikia. Baadhi yao ni ndugu zake wa Nambambo.

Shaibu alisema, "Shamba langu? Hayo umeyatoa wapi?" Wala hakungoja jibu.

Nilimpeleka kwa Bwana Krofti. Bwana Krofti aliuliza nina uhakika gani. Nikasema ameonekana na amekiri mikono yake ilikuwa ndani. Shaibu, kando yangu, akamwambia Bwana Krofti kwa Kiswahili, "Sikuziba." Sikutafsiri neno "sikuziba". Nilijiambia kwamba ni neno la kila mkosaji, halina uzito. Akafukuzwa kabla ya saa mbili.

Aliliweka jembe la klabu ukutani, akalisafisha kwanza kwa majani. Akaondoka kwa njia ya Nambambo bila kugeuka.

Jioni Domitila aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 18 Februari

Hakuna mvua siku ya nne. Bomba liko wazi. Bwana Krofti amenipongeza. Tumeanza kuziba ukingo uliomeguka.

Ijumaa, 22 Februari

Hakuna mvua. Bomba liko wazi. Nimesikia Shaibu na mkewe Mwanaima wamehama, wamekwenda kwa watu wa Mwanaima, Nambilanje, upande wa Ruangwa. Nimejiambia asiye na kosa hahami.

Jumanne, 26 Februari

Inchi mbili na robo tangu jana. Limezibwa.

Ni Shaibu tu. Amerudi kutoka Nambilanje kulipiza. Au ameacha mtu wa kumfanyia. Leo nimewatazama vibarua wote kumi na wawili, hata yule mgeni aliyechukua nafasi yake, na kila mmoja nimemwona mwongo. Nimemtazama mpaka Bwana Krofti, nikawaza huenda anaziba yeye mwenyewe, apate sababu ya kuwaondoa wanawake bondeni. Kesho nitakwenda mwenyewe kabla ya kucha. Sitamwambia mtu.

Jumatano, 27 Februari. Jumatano ya Majivu

Kanisani sikwenda.

Nilijibanza nyuma ya kichaka cha ukingoni, kulipoanza kupambazuka. Kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa na rungu. Nikasikia mtu anapanda kutoka bondeni, anahema, miguu inanata kwenye tope. Nikaona kwanza jembe, kisha kilemba. Kilemba nilikijua kabla ya uso. Nilikinunua mimi.

Domitila alichuchumaa kwenye mdomo wa bomba, akatoa gunia alilolibeba mgongoni, akalisukuma ndani kwa mpini wa jembe. Alifanya kama anavyofanya kazi zake zote, bila haraka. Nilipotoka kichakani hakushtuka sana. Aliliona rungu.

"Ulikuja na hilo kwa ajili yangu, Baba Kornelia?"

"Nilikuja kumkamata Shaibu."

"Shaibu ana nini?"

Ndipo nikajua kwamba sikumwambia. Wiki mbili nzima tumekula sahani moja. Nikamweleza pale pale, tumesimama kwenye tope. Alivyosikiliza, uso wake ulibadilika, akakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

"Umemfukuza yule mzee?"

"Alionekana mikono imo ndani ya bomba."

"Alikuwa anazibua. Mimi nikiziba, yeye anazibua. Alinikuta mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia, mama, hivi utamharibia mumeo kazi, mwambie akamwambie Mzungu. Nikamwambia nilishamwambia. Akasema basi tutafanya hivi, wewe ukiona maji yanakaribia kung'oa mpunga, ziba. Mimi nitazibua mapema kabla grini haijafa. Tulikuwa tunagawana mvua, mimi na yeye. Alipoacha kuja nilidhani anaumwa."

"Wewe hukuniambia," nilisema.

"Nilikuambia. Ukasema mvua haina nyapara."

Alinishika mkono, akaniteremsha bondeni. Miaka mitatu nafanya kazi juu ya ukingo ule na sikuwahi kushuka wakati wa mvua. Bomba linatema maji yote ya kilima mahali pamoja, kama mtu anayemwaga debe. Yamechimba korongo katikati ya mashamba, lenye kina cha kiuno. Upande huu na upande huu mpunga umelala, mizizi imeelekea juu. Shamba la Domitila limebaki theluthi. La jirani yake Fatu halipo kabisa.

"Hatukuziba kumkomoa mtu," alisema. "Tuliziba tule."

Nimerudi nyumbani, nimezitazama kurasa hizi. Imo ile kauli ya mvua, tarehe 17 Januari, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 28 Februari

Nilimwendea Bwana Krofti asubuhi. Njiani nilitunga uongo wa namna tatu, wote mzuri. Nilipofika nilisema, "Aliyeziba bomba ni mke wangu. Shaibu alikuwa anazibua. Alikuambia hakuziba, na mimi sikukutafsiria."

Alivuta sigara yake mpaka mwisho. Nilijua nimekwisha. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Tulishuka. Alitembea ndani ya korongo, viatu vikizama, akapima kina kwa fimbo yake ya gofu. Domitila na Fatu walikuwa wanapandikiza upya miche iliyosalia. Hawakumwamkia, naye hakuwataka wamwamkie.

"Nilitazama bonde hili kwa darubini siku nyingi," alisema. "Nilikuwa natafuta maji yanaenda wapi. Kutoka juu majani yanaficha kila kitu."

Kumbe darubini ilikuwa ya hilo. Nimemdhania huyu mtu mambo mengi, na mengine bado siyaondoi, kwa sababu aliyekaa juu na kutazama majani ndiye yeye, na aliyekuwa na ulimi wa kumwambia ndiye mimi.

Nikamwambia habari ya kidimbwi cha kushoto. Nikasema si maneno yangu, ni ya Shaibu, aliyasema Novemba.

"Mwandikie arudi," alisema. Nikauliza kama na yeye ataandika neno. Akasema klabu haina desturi hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Inchi moja. Tumefumua grini ya saba. Sasa inalalia kushoto, kuelekea kilimani, kinyume kabisa na jicho linavyodhani. Mtu akisimama atadhani inateremka bondeni, kumbe upande huo inapanda. Maji yanapita nyuma ya mgongo na kwenda kwenye kidimbwi tulichokifukua. Tulichimba mkono mmoja tu, tukakuta tope jeusi na makombe ya konokono. Shaibu hakukosea hata hatua mbili. Ukoka tumekata mabamba kutoka kando ya uwanja, tumeyatandaza kama mikeka.

Barua nimempelekea Nambilanje kwa dereva wa lori. Nimeandika kwamba Bwana Krofti amemsamehe arudi kazini.

Ijumaa, 21 Machi

Inchi moja na nusu. Bondeni hakuna tone la bomba. Barua haijajibiwa.

Jumatatu, 14 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Mechi. Timu ya Lindi wamekuja na magari manne.

Nilikuwa na kazi ya kushika bendera ya saba, kwa hiyo niliwaona wote. Zamani watu walikuwa wanafika kwenye grini wakiongea, wanagonga, wanaondoka wakiendelea na maneno yale yale. Leo walifika wakanyamaza. Umbali ni ule ule, shimo ni lile lile, lakini mtu mnene wa Lindi alipiga magoti kwenye majani, akatazama upande huu, akaenda kutazama upande wa pili, akamwita mwenzake. Kisha akausukuma mpira wake kwa uhakika kushoto kidogo mwa shimo, uteremke kulia, nao ukazidi kugeuka kushoto taratibu, kwa macho yake ukipanda, ukatoka nje ya grini. Akabaki amesimama na fimbo hewani. Watu tisa kati ya kumi na sita walishindwa hapo. Hawakukasirika. Baada ya mchezo walirudi na chupa zao, wakakaa kwenye mgongo wa nyasi kuzungumzia grini ile mpaka jua likazama, na kila mmoja anaonyesha kwa mkono mpira wake ulivyopinda.

Walimpongeza Bwana Krofti. Mmoja alimwuliza alipata wapi wazo la kuilaza kinyume. Alisema, "Maji." Wakacheka, wakadhani ni utani.

Mimi nilisimama na bendera. Ile grini ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono yangu, na nilikuwa nashindwa kuitazama.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepanda lori hadi Ruangwa jana, nikalala kwa mwalimu niliyesoma naye, na leo nimetembea hadi Nambilanje. Mwanaima alinipokea, akanipa maji ya kunywa, akanielekeza shambani bila kuniuliza safari.

Shaibu alikuwa anapalilia ufuta. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaanza, "Mzee Shaibu, nimekuja kwa ajili ya..."

"Najua. Jembe lile pale."

Tukapalilia. Mistari miwili, mitatu. Mikono yangu imezoea reki, ilianza kuchubuka. Mwishoni mwa mstari wa nne akasimama.

"Barua yako nilisomewa. Mzungu amenisamehe. Amenisamehe kosa gani?"

Nikamwambia yote: kichaka, kilemba, korongo, kidimbwi. Nikamwambia neno ambalo sikulitafsiri. Hilo alikuwa halijui.

"Kwa nini hukumtaja mke wangu?" nilimwuliza. "Ungesema neno moja."

"Ulikuwa umeshika uongo wako kwa mikono miwili. Ningekupa na mkeo, ungemshika kwa mkono upi?" Akang'oa gugu kwa vidole. "Na shamba ulilosema ni langu, lilikuwa la dada yangu. Amekufa. Sikuwa na uchungu na grini. Ilikuwa inanipendeza. Asubuhi nilikuwa naitembelea kabla hamjaja, ina umande."

Akaanza mstari wa tano.

"Mzungu umemwambia ni mkeo?"

"Nimemwambia."

"Na vibarua?"

Nilisimama na jembe. Tangu Februari nilikuwa nimewaambia vibarua kwamba bomba lilikuwa na kasoro, limerekebishwa. Basi.

"Jina langu kwa Mzungu ni mstari kwenye karatasi," alisema Shaibu. "Mimi siishi kwenye karatasi yake. Ndugu zangu wa Nambambo walikusikia ukisema nimeharibu kazi ya wenzangu, nami nikaondoka kwa sababu sikuweza kuwapita njiani. Kurudi kazini sirudi. Ufuta huu unanitosha. Lakini ulisema kwa sauti, Nyapara."

Mwanaima alituletea ugali na kisamvu pale pale shambani. Tulinawa kwenye bakuli moja. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme.

Jumapili, 20 Aprili

Nimerudi jioni. Nimemwuliza Domitila kama ataniruhusu kumtaja mbele ya wanaume.

Alikuwa anasuka nywele za Kornelia. "Mimi nilikwenda na gunia mgongoni, jua likichomoza, mtu yeyote angeniona," alisema. "Anayeficha ni wewe. Sema."

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua hakuna.

Niliwapanga vibarua mbele ya banda la mashine, mahali pale pale. Domitila alikuja na jembe lake, akiwa njiani kwenda bondeni, akasimama kando ya mlango. Sikumwita. Wanaume walimwona, wakatazamana.

Nikasema. Nilianza na gunia, nikasema ni la nyumbani kwangu, nikasema kwa nini. Nikasema kwamba Mzee Shaibu alikuwa anazibua, ndiyo maana hatukuipoteza grini tangu Januari. Nikasema kwamba alimwambia Mzungu hakuziba na mimi nililimeza neno lake. Nilisema kwa sauti, kama Februari. Adinani alitazama chini tangu nilipotaja alfajiri. Nikasema Adinani aliona kweli, mwongo wa mambo yale ni mimi.

Nilimaliza. Ndege walikuwa wengi kwenye uwanja. Domitila akajitwisha jembe, akateremka zake. Mzee mmoja wa Nambambo, ndugu yake Shaibu, alikohoa, akasema kwamba leo jioni anakwenda kwao na atawaeleza. Kisha Adinani akachukua reki, na wengine wakachukua, wakatawanyika kila mtu na shimo lake.

Kazi imefanyika vizuri. Grini zote tisa zimekatwa kabla ya saa sita. Walipokuwa na jambo la kuuliza walikuja wakauliza, lakini kutwa nzima hakuna hata mmoja aliyeniita Nyapara. Waliniita Eustace, nami niliitika.